Kura Sitini na Moja za Thornlow

Kila siku ya shule, saa mbili na nusu asubuhi, Kwamboka humshika mkono binti yake Moraa na kusimama kando ya barabara kubwa ya Thornlow. Moraa ana miaka tisa. Hapendi tena kushikwa mkono. Mama yake humshika hata hivyo.

Wanaishi katika fleti, upande huu wa barabara. Ni majengo matatu marefu kaskazini mwa Birmingham, mwendo wa dakika kumi kwa basi kutoka Kingstanding. Shule iko upande wa pili. Zahanati iko upande wa pili. Duka la dawa, duka la vyakula na kituo cha basi la mjini, vyote viko upande wa pili. Lakini hakuna taa za kuvukia. Hakuna hata mistari myeupe. Watu husimama, hungoja, halafu hukimbia. Wazee wasioweza kukimbia hubaki wamesimama, na siku nyingine hurudi nyumbani.

Kwamboka alizaliwa Kisii. Alikuja Birmingham mwaka 2018 kumfuata mume wake, Bethuel, ambaye ni muuguzi hospitalini. Kwamboka mwenyewe huhudumia wazee majumbani mwao. Anawaosha, anawavalisha, anawapa dawa na chai. Ni kazi ya kutembea sana, na kila siku anavuka barabara ya Thornlow mara sita au nane.

Jirani yake wa mlango wa pili ni Mulki, Msomali aliyekulia Isiolo. Mulki aliishi Uholanzi miaka kumi na miwili na akapata pasipoti ya huko. Kisha akahamia Birmingham. Anafanya kazi jikoni katika shule ya Moraa. Kwa sauti yake kubwa na kicheko chake, hakuna mtu wa fleti asiyemjua.

Siku moja ya Jumanne, mwezi wa Oktoba, Kwamboka alikuwa anarudi kutoka kazini. Ilikuwa saa tisa alasiri. Mvua nyepesi ilikuwa inanyesha. Alimwona Mulki ng'ambo ya barabara, amesimama anangoja nafasi. Gari moja lilipunguza mwendo na dereva akampungia mkono apite. Mulki akaingia barabarani. Gari la pili halikupunguza mwendo. Lilipita upande wa lile la kwanza, likamgonga.

Kwamboka alifika kabla ya mtu mwingine yeyote. Alipiga magoti kwenye maji. Mguu wa kulia wa Mulki ulikuwa umepinda mahali ambapo mguu haupindi. Mulki alikuwa macho. Hakulia. Alimshika Kwamboka kwenye kola ya koti na kumvuta karibu.

"Niliwaambia," alisema. "Kwamboka, niliwaambia watu hawa."

Ni kweli aliwaambia. Miaka sita kabla ya siku hiyo, Mulki alipita mlango hadi mlango na karatasi. Alikusanya sahihi za watu mia tatu na kumi na wawili. Waliomba kitu kimoja tu: taa za kuvukia barabara ya Thornlow, mbele ya shule. Sahihi ya Kwamboka ilikuwa humo. Mulki alizipeleka karatasi hizo mwenyewe kwa diwani wa wadi, Norbert Haddle. Diwani alimshukuru na kupiga naye picha. Baada ya hapo hawakusikia neno.

Gari la wagonjwa lilimchukua Mulki. Polisi mmoja alibaki akiandika. Kwamboka alimuuliza kama ameshawahi kuja hapa kwa kazi kama hii. Polisi alisema huyu ni mtu wa tatu katika miaka miwili. Alisema hivyo bila kuinua macho, kama mtu anayesoma orodha ya vitu vya dukani.

Usiku huo Kwamboka hakula. Alikuwa na hasira.

Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, diwani hukaa maktabani kusikiliza watu wa wadi yake. Kwamboka alikuwa hajawahi kwenda. Jumamosi iliyofuata alikwenda, akiwa bado amevaa sare ya kazi. Alipanga foleni nyuma ya watu wanne. Wote walitoka upande wa mlimani, kwenye nyumba zenye bustani.

Diwani Haddle alikuwa mtu mpole. Upole wake ndio uliomkasirisha Kwamboka zaidi. Alisema amesikitika sana kusikia habari za ajali. Aliuliza Mulki anaendeleaje. Kwamboka akamwambia Mulki amewekewa vyuma mguuni, kisha akauliza swali lililomleta: zile karatasi za sahihi ziko wapi?

Diwani hakukumbuka. Alimwuliza msaidizi wake. Msaidizi alitafuta kwenye kompyuta, akasema hazimo. Inaelekea hazikuwahi kufikishwa kwenye halmashauri. Diwani akasema wadi ina mahitaji mengi na mtu hawezi kufanya yote.

Kwamboka alimkumbusha kwamba mwaka uliopita zilijengwa taa za kuvukia kule mlimani, kwenye barabara ambayo magari hupita machache. Diwani aliafiki. Alisema watu wa kule wanamsumbua sana, wanaandika barua, wanapiga simu kila wiki.

Mezani palikuwa na ramani ya wadi. Mitaa ilikuwa imepakwa rangi, mingine kijani, mingine njano. Majengo matatu ya fleti hayakuwa na rangi yoyote. Kwamboka aliweka kidole juu yake na kuuliza maana yake.

Msaidizi alikuwa kijana asiyejua kuficha neno. "Rangi ni mahali tunapokwenda kugonga milango," alisema. "Hapo huwa hatuendi. Hapo hakuna wapiga kura."

Diwani alimtazama msaidizi wake kwa jicho kali. Lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Kwamboka alirudi nyumbani kwa miguu ili asimkasirikie mtu ndani ya basi. Alimsimulia Bethuel kila kitu. Bethuel alikuwa ametoka shifti ya usiku na macho yalikuwa mekundu. Alimsikiliza, kisha akasema yeye haoni jambo la kushangaza. Wao si raia wa Uingereza. Hawana kura hapa. Asiye na kura hasikilizwi, hata Kenya ni hivyo hivyo. Akaongeza kwamba mwaka ujao wataomba uraia, na yeye hataki jina la familia yake litajwe kwenye makelele yoyote.

"Kwa hiyo tungoje Moraa agongwe kwanza," Kwamboka alisema.

Bethuel aliingia chumbani na kufunga mlango. Kwa siku tatu walizungumza habari za chakula na nguo za shule tu.

Mulki aliporudi kutoka hospitali, majirani walimpelekea chakula kwa zamu. Siku ya nne, Kwamboka alimkuta mgeni pale. Alikuwa Mama Davinder, mjane wa miaka sabini na mmoja anayeishi chini kabisa, kwenye fleti ya kwanza. Wengi walimjua kama Mhindi mkali anayewafokea watu wanaoacha taka nje ya mapipa. Wachache walijua kwamba alizaliwa Kisumu, na kwamba Kiswahili alikijua tangu utotoni. Alikuja Birmingham akiwa msichana. Kwa miaka ishirini na tisa alifanya kazi ya karani kwenye vituo vya kupigia kura, kila palipokuwa na uchaguzi.

Kwamboka alipomaliza kusimulia maneno ya msaidizi wa diwani, Mama Davinder aliweka kijiko chini.

"Nani aliwaambia nyinyi hamna kura?" aliuliza.

Kwamboka alisema ni jambo linalojulikana. Wao wana pasipoti za Kenya.

"Linajulikana na nani?" Mama Davinder sasa alikuwa amekasirika. "Kenya iko katika Jumuiya ya Madola. Mtu wa nchi ya Madola anayeishi hapa kihalali, akiwa na kibali chake na umri wake umefika, anapiga kura. Anamchagua diwani. Anamchagua mbunge. Haki hiyo umekuwa nayo tangu siku uliyotua hapa, Kwamboka."

Kwamboka alihesabu moyoni. Tangu afike, chaguzi zote zilipita akiwa amelala, au akiwa kazini, au akiangalia matokeo kwenye televisheni kama mtu anayetazama mpira wa nchi nyingine.

Mulki aliuliza habari zake yeye, mwenye pasipoti ya Uholanzi. Mama Davinder alimuuliza alifika Uingereza lini. Mulki akasema mwaka 2009, na hajawahi kuhama. Mama Davinder akamweleza kwamba watu wa Ulaya waliokuwa wakiishi hapa kihalali kabla ya mwaka 2021, na wakaendelea kuishi, wamebaki na haki ya kumchagua diwani. Mbunge hapana. Diwani ndiyo.

"Na taa za barabarani zinaombwa kupitia kwa nani?" Mulki aliuliza.

"Kupitia kwa diwani."

Mulki alicheka, lakini kicheko hakikuwa kile walichokizoea. Alisema alibeba sahihi mia tatu kwa miguu yake miwili ili amwombe mtu ambaye angeweza kumwondoa kwa penseli ya kupigia kura.

Mama Davinder alishuka kwake na kurudi na daftari la shule, la jalada gumu. Ndani yake alikuwa ameandika matokeo ya kila uchaguzi wa wadi yao. Hakuna aliyemtuma. Alipenda tu kujua. Alilifungua mezani na wote watatu wakainama.

Aliwaeleza kwamba kabla ya mwaka 2018 jiji la Birmingham lilikuwa na wadi arobaini kubwa, kila moja na madiwani watatu. Fleti zao zilikuwa sehemu ndogo ya wadi kubwa. Mwaka 2018 mipaka ilichorwa upya. Wadi zikawa ndogo, sitini na tisa, na nyingi zina diwani mmoja au wawili. Thornlow ikapata diwani mmoja. Wadi ikiwa ndogo, kila kura ina uzito zaidi. Watu wa mlimani walilielewa jambo hilo mara moja. Watu wa fleti hawakuambiwa.

Kisha aliweka kidole kwenye mistari miwili ya mwisho.

Mwaka 2018, Norbert Haddle alishinda kwa kura arobaini na nne.

Mwaka 2022, Norbert Haddle alipata kura mia nane sabini na moja. Mgombea wa pili alipata mia nane na kumi. Tofauti ilikuwa kura sitini na moja.

"Wadi nzima ina watu karibu elfu saba kwenye daftari la wapiga kura," Mama Davinder alisema. "Waliokwenda kupiga kura hawafiki elfu mbili. Mimi nilikaa kwenye meza ile kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa nne usiku. Watu wa fleti hizi niliowaona ni kumi na mmoja."

Kwamboka alijua fleti zile vizuri. Zilikuwa tisini na sita. Watu wazima hawakupungua mia mbili.

Hasira yake ilibadilika hapo. Mwanzo ilikuwa kwa diwani peke yake. Sasa ilimgeukia yeye mwenyewe pia, na Bethuel, na kila mtu aliyewahi kusema kwamba kura si yetu. Alimuuliza Mama Davinder kwa nini hakuwaambia miaka yote hiyo.

Mama Davinder alifunga daftari.

"Karani haruhusiwi kuwaambia watu wampigie nani," alisema mwishowe. "Lakini kuwaambia wana haki, hilo hakuna aliyenikataza. Sikufanya. Niliona watu wanapita mlangoni kwangu, nikasema hawajali. Na Haddle huyo nilimpa kura yangu mara zote mbili. Kwa hiyo usinitazame kama mtu mwema."

Novemba walianza kazi. Hawakuunda chama. Hawakumtaja mgombea yeyote. Mama Davinder alisisitiza hilo: wao wanaandikisha watu, kila mtu atachagua anayemtaka. Kwamboka alipanda ghorofa jioni baada ya kazi. Mulki, ambaye hakuweza kutembea, alikaa na simu na kuwapigia watu mmoja mmoja.

Kujiandikisha kulichukua dakika tano kwenye simu. Mtu aliandika jina lake, anwani, tarehe ya kuzaliwa, uraia wake na namba yake ya bima ya taifa, ile iliyo kwenye karatasi ya mshahara. Basi. Kazi ngumu ilikuwa kuwashawishi.

Watu waliogopa. Mwanafunzi mmoja kutoka Nakuru alisema visa yake ni ya masomo tu. Kwamboka alimwambia visa ya masomo ni kibali halali, na yeye ni mtu wa Madola. Mama mmoja alisema wakijiandikisha watafukuzwa nchini. Mama Davinder alimjibu kwamba kosa ni kudanganya kwenye fomu. Kusema ukweli na kutumia haki yako si kosa. Mzee mmoja mwenye pasipoti ya Somalia aliuliza kama naye anaweza. Hapo walilazimika kumwambia ukweli kwamba hapana, mpaka apate uraia wa Uingereza, maana Somalia haimo katika Madola. Mzee alikasirika, na walikubali kwamba ana haki ya kukasirika. Lakini aliwaita watoto wake wanne, wote raia wa Uingereza, na kuwasimamia mpaka wakajiandikisha.

Wengine walisema tu kwamba wanasiasa wote ni sawa. Kwa hao Kwamboka hakuwa na maneno mengi. Aliwaonyesha picha ya mguu wa Mulki kwenye simu, ule uliowekewa vyuma. Kisha akawaambia namba: sitini na moja.

Bethuel alikuwa wa mwisho. Jioni moja ya Januari, Kwamboka alirudi na kumkuta mezani na daftari la Mama Davinder. Alikuwa amekwenda kuliazima mwenyewe. Mbele yake kulikuwa na karatasi aliyokuwa akijumlishia hesabu. Alikuwa ameandika majina ya Wakenya wote anaowajua katika majengo matatu. Walikuwa sabini na wanne.

"Ni sisi tu," alisema. "Bila kuhesabu mtu mwingine yeyote, sisi tu tungetosha. Kumbe miaka yote hii tuliziacha kura zetu."

Alisema hivyo kwa sauti ya chini, lakini Kwamboka alimjua mumewe. Hakuwahi kumwona amekasirika kiasi hicho. Alichukua simu na kujiandikisha palepale, akikosea herufi kwa haraka na kuanza tena.

Kufikia mwisho wa Machi, watu mia moja ishirini na saba wa fleti walikuwa wameongezeka kwenye daftari. Wauguzi wenye shifti ndefu waliomba kupiga kura kwa posta. Wasio na kitambulisho chenye picha waliomba cheti cha mpiga kura, ambacho hutolewa bure. Mulki aliambiwa kwamba na yeye anaweza kutumia posta, kwa sababu ya mguu. Alikataa. Alisema anataka kuonekana.

Mwezi wa Aprili, kwa mara ya kwanza, wagombea walipanda ghorofa za fleti. Walikuja watatu, kila mmoja siku yake. Wa kwanza alikuwa Raksha Solanki, mfamasia wa duka la dawa la ng'ambo. Hakuahidi mambo mengi. Alisema ataipeleka hoja ya taa katika miezi mitatu, na wakiona kimya waje dukani wamuulize mbele ya wateja. Wa pili alizungumza habari za taka na maegesho.

Wa tatu alikuwa diwani mwenyewe. Alisimama mlangoni kwa Kwamboka na karatasi za kampeni mkononi. Kwenye karatasi kulikuwa na picha ya barabara ya Thornlow, na maneno kwamba amepigania usalama wake kwa miaka mingi.

Kwamboka aliisoma yote, taratibu. Kisha akamuuliza ni tarehe gani aliyozipeleka zile sahihi mia tatu na kumi na mbili kwenye halmashauri.

Diwani alianza kusema juu ya taratibu na bajeti. Kwamboka alimngoja amalize, kisha akauliza tena, kwa maneno yale yale. Milango miwili ya jirani ilikuwa imefunguka. Watu walikuwa wanasikiliza. Diwani alitazama viatu vyake.

"Sikuzipeleka," alisema.

Kwamboka alimshukuru kwa kusema kweli angalau mara moja, na akafunga mlango.

Siku ya uchaguzi ilikuwa Alhamisi. Kituo kilikuwa kwenye ukumbi wa kanisa, ng'ambo ya barabara, kwa hiyo hata kwenda kupiga kura ilibidi wakimbie. Mulki alivuka kwa magongo. Kwamboka, Mama Davinder na wanawake wengine wawili walisimama katikati ya barabara, mikono wameinua, mpaka magari yote yakasimama. Dereva mmoja alipiga honi. Mama Davinder alimwendea dirishani, na honi ikanyamaza.

Ndani, Kwamboka alitoa pasipoti yake ya Kenya. Karani alitazama picha, akatazama uso, akatafuta jina, akampa karatasi ya kura. Alikwenda kwenye kibanda, akaweka alama yake ya mkasi mbele ya jina moja, akakunja, akatumbukiza kwenye sanduku. Ilichukua chini ya dakika mbili. Alitoka nje akiwa na hasira mpya, kwa sababu ilikuwa rahisi hivyo.

Nje alimkuta Bethuel, anatembea kwa kasi kuelekea nyumbani. Alikuwa ametoka kazini moja kwa moja na kuonyesha kitambulisho cha hospitali, chenye picha yake na jina lake kamili. Karani alikikataa. Sheria ina orodha yake, na kitambulisho cha kazi hakimo. Pasipoti inakubaliwa, leseni ya udereva inakubaliwa, pasi ya basi ya wazee pia. Kitambulisho cha kazi hapana, cha chuo hapana. Bethuel alisema mbele ya foleni nzima kwamba wagonjwa humkabidhi maisha yao kwa kitambulisho hicho.

Alikuwa amesimama kazini kwa muda wa saa kumi na mbili nzima. Alitaka kulala. Alisema kwa uchungu kwamba labda ndivyo wanavyotaka, watu wachoke waende zao.

"Basi usiwape," Kwamboka alimwambia.

Walivuka pamoja kwenda nyumbani. Walichukua pasipoti ndani ya droo. Walivuka tena kurudi. Bethuel alisimama kwenye foleni upya, na safari hii alipewa karatasi yake.

Matokeo yalitangazwa kesho yake mchana. Raksha Solanki alipata kura elfu moja na kumi na mbili. Norbert Haddle alipata mia tisa ishirini na tano. Mama Davinder aliandika mstari mpya: tofauti, themanini na saba.

Hakuna aliyecheza ngoma. Jumatatu, Kwamboka na Mulki walikwenda kwenye duka la dawa na karatasi mpya za sahihi, mia nne na kumi na nane. Hawakumwachia diwani mpya azipeleke peke yake. Waliomba nakala yenye mhuri wa kupokelewa na namba ya kumbukumbu, na baada ya siku tisa waliipata. Kila mwisho wa mwezi Bethuel alipiga simu kwenye halmashauri na kutaja namba hiyo. Diwani Solanki aliwaambia kwamba anawaona kama watu wasumbufu. Kisha akasema waendelee. Hoja ikapita. Wataalamu wakaja kupima mwendo wa magari. Baada ya Krismasi, mafundi walifika na koleo na vizuizi vyao vya rangi ya machungwa.

Taa ziliwashwa Ijumaa moja ya mwezi wa Februari, kabla ya watoto kutoka shule. Mulki alibonyeza kitufe. Alikuwa sasa anatembea kwa gongo moja, na daktari amemwambia gongo hilo litakuwa lake maisha yote. Taa ikawa nyekundu kwa magari. Malori, mabasi, magari ya watu wanaowahi mjini, yote yakasimama na kungoja. Mulki akavuka kwa mwendo wake, bila kukimbia. Nyuma yake walipita mama mmoja na kigari cha mtoto, na mzee wa Kisomali ambaye wengi hawakukumbuka ni lini walimwona ng'ambo.

Watu walipiga makofi. Kwamboka hakupiga. Fundi mmoja alikuwa anakusanya vifaa vyake karibu naye, akamuuliza kama hafurahi. Kwamboka alimuuliza kazi yote ile, tangu kuchimba mpaka kuwasha, ilichukua muda gani.

Fundi alifikiri kidogo. Alisema mvua iliwachelewesha. Ilichukua wiki tatu.

"Wiki tatu," Kwamboka alisema. Alimtazama Mulki akipanda ukingo wa ng'ambo, kwanza gongo, halafu mguu mzima, halafu ule mwingine. Kisha akabonyeza kitufe, akangoja taa yake, akaenda kumchukua mtoto shule.